Kabla Hujamlaiki Yule Mjusi wa Jangwani

Wasee, najua mmeiona ile video. Kituo kimoja cha wanyamapori huko ng'ambo kinatangaza mkazi mpya: mjusi wa ndevu, wale wa majangwa ya Australia. Amekaa begani kwa dada anayemtunza, macho nusu yamefungwa, kidevu kina miiba kama ndevu za mtu aliyekosa wembe wiki mbili. Amepewa jina. Amepewa nyumba ya kioo yenye taa. Chini ya video, mioyo kibao.

Wiki hii nimetumiwa hiyo klipu na watu kumi na mmoja, na karibu wote wameongeza maneno yale yale: "Buda, hapa kwetu Nanyuki wataleta yao lini?"

Mnaniuliza mimi kwa sababu wengi wenu mlinijua kupitia mjusi. Kama umeanza kunifuata juzi, uliza waliokutangulia, watakuambia kuhusu Spaida. Kuna sehemu ya stori ya Spaida sijawahi kuwasimulia. Nimeizunguka miaka miwili sasa. Leo naimaliza, halafu nitawaambia kwa nini sitamani Nanyuki walete mjusi wa jangwani, na kwa nini hata yule wa ng'ambo sikumlaiki haraka.

Nirudi nyuma kidogo.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nimetoka chuo. Mwaka wa pili, karo imegoma, na kusema ukweli hata mimi nilikuwa nimegoma kidogo. Nikakodi kachumba Ruring'u, hapa Nyeri, nikamwambia mathe sasa naingia mambo ya video. Akaniuliza, "Video za nini?" Sikuwa na jibu. Miezi mitatu nilitoa video kila siku, na watazamaji wangu walikuwa mabinamu zangu pamoja na jamaa mmoja wa Eldoret ambaye sijui alinipata wapi.

Sasa, beshte yangu mmoja alikuwa tanboi kwenye lori la mbuzi. Lori linapakia Archer's Post, linapitia Isiolo, linapanda Timau, linafika Nanyuki, halafu linateremka Karatina. Jioni moja akashuka hapo Kiganjo, akanipigia simu nimchukue. Alikuwa na katoni ya sabuni imefungwa kwa kamba. Akaniambia, "Wewe si unatafuta kitu cha kuonyesha watu? Shika."

Ndani kulikuwa na mjusi wa mawe, dume. Kichwa chekundu kama nyanya iliyoiva, mwili wa buluu. Rangi za Spider-Man kabisa, ndiyo maana nikamwita Spaida. Beshte alimnasa asubuhi, juu ya jiwe, pale walipokuwa wanangoja mbuzi wahesabiwe. Archer's Post si jangwa kamili kama Chalbi, lakini ni nyika kavu ya kweli. Kufika saa nne asubuhi hapo, jiwe huwezi kulikalia. Yeye alikuwa amelikalia kwa raha zake.

Video ya kwanza ya Spaida ilipata watu wengi kuliko video zangu zote za awali zikijumlishwa. Mtu wangu, usiku huo sikulala.

Nilimtengenezea nyumba kwa ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, nikaweka changarawe na jiwe nililookota kando ya barabara. Juu nikaning'iniza balbu ya kawaida. Nikampa sukuma wiki. Nikampa makombo ya mandazi. Hakugusa. Baadaye nikajua yule ni mla wadudu, nikaanza kumtafutia panzi na kumbikumbi, akala kidogo.

Klipu iliyonilipua ni ile ya pushapu. Mnaikumbuka: Spaida anapiga pushapu mbele ya ndoo, mimi nimeweka muziki wa jimu, nimeandika "Mkufunzi mpya wa Nyeri." Watu walicheka hadi wakanitumia za kwao. Sikujua nilikuwa naonyesha nini. Dume la mjusi wa mawe hupiga zile pushapu kumwambia dume lingine, hili jiwe ni langu, toka. Spaida alikuwa anaiona sura yake mwenyewe kwenye ukuta wa ndoo. Alidhani ni mpinzani asiyeondoka. Kila alipogeuka, adui yuko palepale. Siku nzima alikuwa anapigana, na mimi nikaweka muziki.

Klipu ya pili iliyolipuka ni ile amelala mkononi mwangu, ametulia tuli, nampapasa kichwa. Maoni yote yalikuwa ni "amekuzoea", "anakupenda", "mpole jamani". Hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Kama wewe ni mtu wa Nyeri, unajua mwezi wa saba. Wazee wanaita gathano. Jua linajificha wiki nzima, ukungu unashuka kutoka Aberdare, usiku baridi inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Mjusi hana jiko lake ndani ya mwili kama mimi na wewe. Joto lake analikopa nje, kwa jua na kwa jiwe. Asipolipata, misuli inakataa, tumbo linaacha kusaga chakula, na alichokula kinaweza kumwozea ndani. Spaida hakuwa amenizoea. Alikuwa amepoa kiasi kwamba hakuweza kukimbia.

Sasa hii ndiyo sehemu sijawahi kusema.

Jumatano moja jioni tokeni za stima ziliisha. Nilikuwa na shilingi mia moja mfukoni, na video ilikuwa tayari kupandishwa. Bando au tokeni. Nilijiambia, video ikienda vizuri usiku huu, kesho nitanunua tokeni za wiki nzima. Nikanunua bando. Nikalala na blanketi mbili.

Asubuhi Spaida alikuwa amekauka ubavu kwa ubavu na lile jiwe, mdomo wazi kidogo, na ule wekundu wote wa kichwa umegeuka kahawia. Nilimweka juani dirishani nikingoja, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba mjusi huweza kuonekana amekufa na kumbe hajafa. Nilingoja hadi saa nane. Nikamzika nyuma ya choo cha ploti.

Halafu, wasee, wiki iliyofuata nikapandisha klipu ya zamani nikaandika "Spaida anawasalimu." Nilifanya hivyo mara nne. Mlipouliza yuko wapi, nikasema nimemrudisha kwao. Huo ulikuwa uongo. Poleni.

Nimeisimulia yote hii si ili mnihurumie. Ninataka muitazame ile video ya ng'ambo kwa macho mengine. Sina ubaya na kile kituo, na pengine kumpokea yule mjusi ndilo jambo jema zaidi lililowahi kumpata. Lakini tunashangilia bila kuuliza swali la kwanza kabisa: alifikaje pale?

Mjusi wa ndevu kwao ni Australia, na Australia hairuhusu mijusi yake ya asili iuzwe nje kibiashara. Kwa hiyo wale unaowaona kwenye maduka ya Marekani na Uingereza wamezalishwa kwenye masanduku, na mababu zao pia walizalishwa kwenye masanduku. Wananunuliwa wakiwa wadogo kama kidole, wazuri, bei si kali sana. Kinachouma ni gharama ya baadaye. Anahitaji sehemu ya kuota joto lenye nyuzi 40 hivi, anahitaji taa maalum yenye miale ya jua ya kujenga mifupa, kwa sababu kioo cha dirisha kinaizuia hiyo miale hata kama mwanga unapita. Akikosa, mifupa inalegea na kupinda. Na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ni mgeni wa miaka kumi na hawezi kushika jembe.

Kwa hiyo mtoto anachoka, au familia inahama, au bili inazidi. Mjusi anaachwa mlangoni, anapewa jirani, au anatupwa kwenye bustani. Akibahatika, anafika kituoni. Na hawezi kurudishwa porini, kwa sababu pori lake liko upande mwingine wa dunia na hajawahi kuliona. Ndiyo maana anaitwa mkazi. Neno hilo likitumika kituoni mara nyingi linamaanisha: huyu hana pa kurudi.

Sisi watu wa Mlima Kenya tunapaswa kulijua hili kuliko wengi, maana tumezungukwa na wakazi wa aina hiyo.

Nenda Ol Pejeta, nje kidogo ya Nanyuki. Kuna sokwe pale, na Kenya haina sokwe wa porini hata mmoja. Makao yao, Sweetwaters, yalifunguliwa 1993, na wa kwanza waliletwa kutoka Bujumbura wakati Burundi ilikuwa inaingia vitani. Mmoja wao, Poco, alifungiwa utotoni miaka tisa ndani ya kizimba kidogo kilichoning'inizwa dukani ili kuvutia wateja. Kizimba kilikuwa chembamba, hakuweza ila kusimama wima. Alipofika Sweetwaters watu walimwona anatembea wima kama binadamu, jambo ambalo sokwe hawafanyi sana. Mtu asiyejua stori yake angeona kichekesho. Angeweka muziki. Ninaongea kama mtaalamu wa kuweka muziki mahali pasipofaa.

Ona tena Sudan, yule faru mweupe wa kaskazini. Alinaswa porini kule Sudan akiwa mdogo, akapelekwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Cheki katikati ya miaka ya 1970. Akakaa huko zaidi ya miaka thelathini. Desemba 2009 yeye na wenzake watatu wakaletwa Ol Pejeta, kwa matumaini kwamba jua na nyasi za Afrika zingewafanya wazaane. Haikutokea. Sudan alikufa tarehe 19 Machi 2018, na leo wamebaki majike wawili tu duniani, Najin na Fatu, wote waliozaliwa Cheki. Dunia nzima ilimlilia Sudan. Unajua kwa nini? Kwa sababu watu waliambiwa stori yote, pamoja na sehemu inayotuaibisha. Hakuna aliyesema tu "mkazi wetu mpendwa ametutoka."

Halafu kuna kituo cha watoto yatima wa wanyama pale chini ya mlima, Mount Kenya Wildlife Conservancy, ambako nyinyi mnataka waleta mjusi. Mwaka 2004, bongo wa milimani 18 waliletwa pale kutoka bustani za wanyama za Marekani. Bongo ni swala wa misitu yetu, Aberdare na Mlima Kenya, yule mwekundu wa mistari meupe. Tuliwamaliza kwa mitego, mbwa na magonjwa ya mifugo, hadi porini wakabaki chini ya mia moja. Ilibidi vitukuu vya bongo wetu virudi nyumbani kwa ndege. Na kurudi si kufungua tu kizimba. Ilibidi wazaane, watoto wao wazoee majani ya mlimani na wadudu wa mlimani, watu waache kuwapapasa. Bongo wa kwanza waliingizwa kwenye hifadhi ya Mawingu, ndani ya msitu, Machi 2022. Hesabu: miaka 18. Kumtoa mnyama kwao ni kazi ya asubuhi moja na katoni ya sabuni. Kumrudisha ni miaka 18, na hapo kuna wataalamu na pesa.

Ndiyo maana nikisikia "Nanyuki waleteni mjusi wa jangwani" naona ni kama tunaomba tatizo tulilosamehewa. Kila kizimba, kila mlinzi, kila shilingi ya chakula pale ina kazi tayari. Nafasi ya kumweka mjusi wa Australia ili tupige picha ni nafasi ya mtoto wa tumbili aliyepoteza mama kwa gari barabara ya Naro Moru.

Na kabla hujasema haya ni mambo ya wazungu na wanyama wao wa nyumbani, ngoja. Biashara hii inatokea hapa hapa, na sisi ndio ghala.

Unamjua kinyonga wa pembe tatu? Yule ambaye cucu akimwona kwenye ua anakwambia usimguse. Ni wa milima hii yetu, na kwa sababu ya baridi hata hatagi mayai kama vinyonga wengine wengi. Anazaa watoto hai. Mwaka 1972 vinyonga kadhaa walitolewa Kenya wakapelekwa Hawaii kwa muuzaji wa wanyama wa kufugwa. Walifika wamedhoofika, akawaachilia kwenye uwanja wa nyumba yake wapate nguvu. Walipata nguvu kweli. Wakazaana, watu wakawabeba kutoka kisiwa hadi kisiwa, na leo wanakula konokono na wadudu wa Hawaii ambao hawapatikani popote pengine. Mnyama ambaye hapa ni sehemu ya ua wa nyanya yako, kule ni mvamizi. Hakubadilika tabia. Alibadilishwa mahali.

Na juzi tu, Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na siafu? Hapana, hata siafu si. Ni wale chungu wakubwa wekundu wanaovuna mbegu. Karibu elfu tano, ndani ya vichupa vyenye pamba. Vijana wa rika letu. Mwezi uliofuata mahakama ikawapiga faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au mwaka mmoja ndani. Wengi wetu tulicheka, tukatengeneza vichekesho, mimi nikiwa mmojawapo. Lakini kwa nini mtu asafiri kutoka Ulaya kuja kubeba chungu? Kwa sababu huko kuna watu wanaofuga chungu kwenye vioo, wanawapiga video, na video zinaleta wanunuzi. Hapo ndipo mimi na wewe tunaingia. Kila laiki ni agizo dogo.

Fikiria pia yule kobe bapa wa mawe ya huko kaskazini na Ukambani, yule anayefanana na chapati. Alikuwa anabebwa nje kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kumweka kwenye kundi la ulinzi wa juu kabisa, biashara ya kuwanasa porini ikapigwa marufuku. Kobe kama chapati, mzuri kwenye picha. Uzuri kwenye picha ndio ulimponza.

Najua kuna mtu anataka kunijibu, na ana hoja. Atasema: bila kuona mnyama karibu, mtoto wa mjini hatajali kitu. Ni kweli. Mimi nilipokuwa darasa la sita shule yetu ilitupeleka Nanyuki kwa basi, tukaimba kutoka Chaka hadi getini. Niligusa gamba la kobe mkubwa, lilikuwa na joto la jua, na sijawahi kusahau. Labda ndiyo sababu bado ninaandika kuhusu wanyama badala ya mpira. Mjusi mmoja mtulivu mikononi mwa mlinzi anayejua kazi anaweza kumfanya mtoto aache kupiga mijusi mawe. Na hapa kwetu mjusi anapigwa mawe bila kosa, tusidanganyane.

Lakini angalia tofauti. Mlinzi yule alitueleza kobe amekula nini, amezeeka vipi, kwa nini haturuhusiwi kumgeuza. Hakuna mwanafunzi aliyerudi nyumbani akitaka kobe wake. Ile video ya wiki hii inakupa mjusi kwa sekunde kumi na tano, bila chanzo, bila bili ya taa, bila miaka kumi. Unabaki na hamu tu. Kati ya wale watu kumi na mmoja walionitumia, watatu waliniuliza wanaweza kununua wapi.

Watatu kati ya kumi na mmoja. Hiyo ndiyo sababu nimeandika.

Kwa hiyo haya ndiyo maombi yangu, na naanzia kwa mimi mwenyewe.

Kwa wanaoendesha vituo, hapa na ng'ambo: mkitangaza mkazi mpya, tuambieni na kilichomleta. Andikeni tu wazi: "Alinunuliwa, akachokwa, akaletwa akiwa na mifupa iliyopinda." Mtapoteza mioyo kadhaa, lakini mtaokoa mijusi.

Kwa KWS: sheria ya 2013 inasema huwezi kufuga mnyamapori bila kibali, na ni sawa. Lakini niwaambie ukweli kutoka Ruring'u. Wiki ile Spaida alipoanza kudhoofika nilifikiria kumpeleka kwenu. Niliogopa nitashikwa. Nikanyamaza, akafa. Florida kule Marekani waliwahi kuweka siku za msamaha, unaleta mnyama uliye naye, hakuna swali, hakuna pingu. Tuwekeeni siku kama hizo, hata moja kwa mwaka, Nyeri, Nanyuki, Meru. Mtashangaa vitakavyotoka chini ya vitanda.

Kwa sisi wa kamera: nimefuta video zote za Spaida isipokuwa moja, ile ya pushapu. Nimeiacha lakini nimeondoa muziki na nimeandika juu yake kinachoendelea. Kuanzia leo ukurasa huu hauonyeshi mnyamapori mkononi mwa mtu ambaye si mlinzi wake. Na nikishiriki video ya kituo, nitauliza kwanza alitoka wapi. Nisipopata jibu, napita.

Na kama una mmoja nyumbani sasa hivi, kobe ndani ya beseni, kinyonga kwenye pazia, usimtupe tu porini usiku. Anaweza kufia huko, au kupeleka ugonjwa, au kuwa kama wale wa Hawaii. Uliza wanaojua. Uliza hata kama unaogopa. Mimi niliogopa na mnajua ilivyoisha.

Mwezi ujao lori la beshte linarudi Archer's Post na nimeomba lifti, nitakaa mbele kama dereva ataniruhusu. Nakopa lenzi ndefu. Nataka kukaa mbali na mawe yale, ningoje jua lipande, nimchukue mjusi mwenye kichwa chekundu akiwa juu ya jiwe lake mwenyewe, akipiga pushapu kwa dume la kweli linaloweza kukimbia. Inawezekana video itakuwa fupi. Inawezekana ataingia kwenye ufa nisipate kitu kabisa, na nitarudi na vumbi na harufu ya mbuzi.

Nitaipandisha vilevile. Hiyo mkiipenda, ilaikini.